Taka za msikiti zipimwe kabla ya kununua pipa jingine



Katika misikiti yetu mingi, baada ya swala ya Ijumaa, mweka hazina husimama akasoma mapato na matumizi. Sanduku limetoa kiasi gani, fulani katoa mifuko mingapi ya saruji, bili ya maji imekula shilingi ngapi, bili ya umeme nayo vivyo hivyo. Ni utaratibu mzuri na Waislamu tumeuzoea. Lakini ipo hesabu moja ambayo haisomwi, nayo ni ya vitu tulivyovitupa. Maji yaliyomwagika, pilau iliyokwenda shimoni, chupa zilizobebwa kwa toroli hadi nyuma ya madrasa zikachomwa moto, vyote hivyo vilinunuliwa kwa sadaka ya mtu. Fedha ilipoingia iliandikwa, ilipotoka kwa mlango wa nyuma hakuna aliyeandika.

Leo safu hii inazungumza na nyinyi viongozi wa misikiti, madrasa na shule za Kiislamu wa Same mjini, Hedaru, Makanya, Mwembe, Kihurio na Ndungu, pamoja na ndugu zetu wa milimani, Vudee na Mbaga, na wa upande wa Mwanga kule Usangi na Ugweno. Jambo lenyewe ni ukaguzi wa taka. Jina linatisha kidogo, lakini kazi yake haizidi kazi ya mwenye duka anayehesabu mali yake mwisho wa mwezi.

Mpare hahitaji kufundishwa kupima. Wazee wa milimani walichimba ndiva, yale mabwawa madogo yenye kingo za udongo, ambayo maji ya mfereji huingia usiku kucha na mchana hufunguliwa kwa zamu, shamba baada ya shamba. Mtu alijua siku yake na muda wake, na aliyezidisha alikuwa na wa kumuuliza. Ule ulikuwa ukaguzi, tena bila kalamu. Ajabu ni kwamba mjukuu wa mzee huyo huyo anaingia msikitini, anafungua koki hadi mwisho, anazungumza na jirani yake habari za mpira, na maji yanakwenda.

Tuanze basi na maji, kwa sababu kwa Same maji ndiyo mali ya kwanza. Mji huu umekaa upande wa milima usiopata mvua ya kutosha. Mawingu hushusha mzigo wake kule juu Shengena na upande wa mashariki, na yanapofika tambarare yamebaki upepo na vumbi. Kwa miaka mingi watu wa Same walinunua maji kwa dumu. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza mwaka 2014, ukasimamasimama, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua Machi 2025. Alhamdulillah. Maji yanayoteremka kutoka mlimani kwa mteremko wake yana gharama ndogo. Haya ya bwawani yanasukumwa na pampu, yanatiwa dawa, yanapandishwa kwenye matangi, kisha yanapita dira ya maji. Kila lita inayopotea chini ya koki imeshalipiwa umeme na dawa kabla haijawafikia.

Fanyeni jaribio hili dogo. Chukueni ndoo ya lita kumi na saa. Fungueni koki ya udhu kama waumini wanavyoifungua, si kama mnavyotamani waifungue, mwone ndoo inajaa kwa muda gani. Tuseme koki inatoa lita sita kwa dakika, na muumini anatawadha kwa dakika mbili bila kuifunga. Ametumia lita kumi na mbili. Ijumaa wakija watu mia mbili mnafikia lita 2,400, yaani ndoo 120 za lita ishirini, kwa swala moja tu. Watu hao hao wakitawadha kwa kopo la lita mbili, hesabu inashuka hadi lita 400. Tangi la simtanki la lita elfu mbili ambalo lilikuwa likiisha kabla ya khutba sasa linabaki na maji ya kutosha swala nyingine.

Na hizo lita mbili bado ni nyingi tukitazama Sunna. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, na wanaokadiria kwa vipimo vya leo huiweka kati ya nusu lita na robo tatu za lita. Wapo watakaosema haiwatoshi. Hoja hiyo si mpya. Mtu mmoja alimwambia Jabir (r.a.) kuwa pishi haimtoshi kuoga, naye akamjibu kuwa ilimtosha mtu aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na mbora kuliko yeye. Wapo pia wanaoitegemea Hadithi ya Saad kukatazwa israfu ya udhu hata akiwa kwenye mto unaopita. Hiyo ameipokea Ibn Majah, na wataalamu wa Hadithi wameizungumzia sanadi yake, kwa hiyo tusiifanye nguzo ya hoja wakati ya Anas ipo na imethibiti.

Jioni, mkishafunga msikiti, wekeni ndoo chini ya kila koki inayodondosha na muiache hadi Alfajiri. Asubuhi pimeni kilichomo na muandike. Mpira wa koki ni kitu cha bei ndogo kabisa dukani, na mara nyingi koki imevuja mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeona tone moja kuwa ni fedha.

Maji yaliyokwisha tumika nayo yana hesabu yake. Wengi wetu huku tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na katika madhehebu hayo maji machache yaliyotumika katika udhu ni tohara yenyewe, ila hayatoharishi tena. Hivyo hakuna kizuizi cha kuyaelekeza kwenye miti, madhali mfereji wa udhu haukuunganishwa na wa choo. Mwarobaini, mpapai au mgomba ulio mwisho wa mfereji huo utayanywa kwa furaha. Maji hayo yakiachwa yatuame nyuma ya ukuta yanakuwa dimbwi la mbu na harufu, na hapo mumetoa fedha kununua ugonjwa.

Wiki moja, mizani moja na kauntabuku

Sasa tuje kwenye taka zenyewe. Chagueni wiki moja yenye Ijumaa ndani yake, na ikiwezekana wiki ambayo kuna shughuli, maana wiki tulivu itawadanganya. Tafuteni mizani ya kuning'iniza, viroba vitupu saba au vinane, reki, glovu nene, barakoa, na turubai la kumwagia taka kivulini. Taka za kila siku zimwagwe hapo, zitenganishwe, kila fungu litiwe katika kiroba chake, lipimwe na liandikwe. Siku nzima haihitajiki. Vijana wanne wanatosha kwa saa moja baada ya Alasiri. Iiteni msaragambo kama mnavyoita kazi ya kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, watu watakuja.

Kabla ya yote, mwiteni mhudumu anayefagia. Yeye ndiye anayejua siku gani pipa hufurika, nani hutupa pedi chooni, na chupa za maji hutoka kwenye shughuli ipi. Mara nyingi tunamlipa kidogo na hatumuulizi chochote. Mtume (s.a.w.) alipomkosa yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wake, akaambiwa kuwa amekufa na wameshamzika, aliwalaumu kwa kutomjulisha, akaomba aonyeshwe kaburi lake na akamswalia. Kikao cha ukaguzi wa taka kisichokuwa na mfagizi ndani yake ni kikao cha watu wasiojua wanachokizungumza.

Mafungu yawe ya kawaida: mabaki ya chakula na maganda, majani na takataka za ufagio, chupa na plastiki ngumu, mifuko na vifungashio laini, karatasi, makopo na vyuma, vioo, pedi na nepi. Fungu la mwisho lifungwe na lipimwe bila kufunguliwa. Kama taasisi ina zahanati, sindano, nyembe na bandeji zisiguswe kabisa katika zoezi hili. Hizo zina visanduku vyake maalumu na watu wake waliofundishwa, na sindano ikionekana ndani ya pipa la kawaida simamisheni kazi hapo hapo, muite mganga mfawidhi. Kosa hilo ni zito kuliko kilo zote mtakazopima.

Taasisi ya Kiislamu ina fungu moja zaidi ambalo halimo katika vitabu vya wataalamu wa taka, nalo ni karatasi zenye aya. Juzuu zilizochanika, mbao za karatasi za watoto wa madrasa, kalenda zenye majina ya Allah, na gazeti hili unalolisoma, ambalo kesho huenda likafungiwa vitumbua. Haya yasiingie kiroba kimoja na maganda ya ndizi. Wekeni sanduku lake ndani ya msikiti. Likijaa, karatasi hizo zizikwe mahali safi pasipokanyagwa, au zichomwe zote kwa heshima hadi ziwe majivu. Njia zote mbili zina wanazuoni wake, na wanaoruhusu kuchoma wanakumbuka kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) aliamuru nakala nyingine zichomwe baada ya kuiunganisha Mus'haf. Yasiyofaa ni kuzitupa jalalani na upepo wa Same kuzisambaza hadi barabara kuu ya Moshi.

Mwisho wa wiki jumlisheni uzito wa kila fungu, mgawe kwa idadi ya watu waliohudumiwa. Hapo mtapata namba ya kwenu, si ya Dar es Salaam wala ya Ulaya. Sitaki kuwatabiria, ila katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka kwa kawaida ni chakula na majani. Plastiki ina uzito mdogo lakini hujaza nafasi, ndiyo maana pipa huonekana limejaa chupa tupu. Mkinunua pipa kubwa zaidi bila kupima, mtakuwa mmenunua nyumba ya kuhifadhi hewa.

Kazi ya namna hii si ngeni nchini. Dar es Salaam, asasi ya Nipe Fagio imekuwa ikikusanya watu wa kujitolea kuokota taka, kuzitenganisha na kuzihesabu, hata majina ya kampuni zilizotengeneza chupa na vifuko yakaandikwa, ili ijulikane nani anazalisha uchafu. Katika kata ya Bonyokwa taka hukusanywa nyumba kwa nyumba zikiwa zimetenganishwa, na mabaki ya chakula hufanywa mboji. Na kule Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, wavuvi wa kisiwa cha Misali walifundishwa kuhifadhi bahari kwa mafundisho ya Qur'an, na somo hilo liliingia kuliko amri nyingi za serikali zilizotangulia. Watu wetu husikia wanapoambiwa kwa lugha ya dini yao.

Sinia lililobaki

Fungu la chakula ndilo litakalowashitua. Same tuna makande, chakula cha Mpare halisi, na makande ya jana yakipashwa vizuri bado ni chakula. Kwenye Maulidi na futari, hata hivyo, sisi hupika pilau, tena kwa kuogopa aibu. Hakuna anayetaka isemwe kwamba wageni walikosa. Matokeo yake sinia zinarudi nusu. Mabaki yakipimwa yakawa kilo thelathini, msidhani hizo ni kilo thelathini za mchele. Mchele ukiiva uzito wake huongezeka mara mbili na nusu hadi tatu. Lakini bado ni kilo kumi hadi kumi na mbili za mchele mkavu, huenda wa Ndungu, uliolimwa kwa maji ya mfereji, pamoja na nyama, mafuta na kuni zake. Zidisheni kwa bei ya sokoni siku hiyo, kisha muisome Ijumaa pamoja na mapato. Suratul A'raf, aya ya 31, inaruhusu kula na kunywa na papo hapo inakataza israfu. Tunaisoma sana sehemu ya kwanza.

Kuna watakaosema, yahifadhiwe yaliwe kesho. Hapa nasema hapana, kwa sababu ya afya. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa katika joto la tambarare saa kadhaa, mbegu hizo huamka, huzaliana na huacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata mkiupasha ukachemka. Anayeula hutapika usiku na watu husema amerogwa au pilau ilikuwa na mafuta mengi. Wali ugawiwe ukiwa wa moto, ndani ya saa mbili, kwa majirani, wagonjwa, wasafiri, bila kuuliza dini. Uliobaki katika sahani za watu uende kwa kuku na mbwa wa walinzi. Dawa hasa ya israfu iko jikoni kabla ya moto kuwashwa: andikeni idadi ya waliokuja Maulidi ya mwaka jana, kilo zilizopikwa na kilo zilizobaki, mwaka huu mpike kwa hesabu hiyo. Pakueni sinia ndogo, na anayetaka aongezewe.

Chakula kikioza nyuma ya jiko huita panya. Jirani zetu wa Lushoto waliishi na tauni tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu wakaugua. Ugonjwa ule hubebwa na viroboto wa panya. Usambara inaonekana kwa macho ukiwa Mkomazi. Maganda na mabaki mabichi yasiyoliwa na mifugo yafukiwe katika shimo la mboji, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, tabaka la udongo, yanyunyiziwe maji ya udhu. Milimani wakulima wa migomba hawahitaji maelezo haya. Huku chini ukame hukausha shimo, hivyo lichimbwe kivulini na lifunikwe.

Plastiki

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na wafugaji wa tambarare walikuwa wa kwanza kushukuru, maana mbuzi akimeza rambo haitoki. Hata hivyo vifungashio laini vikaanza kutumika kubebea bidhaa, na chupa za maji zikazidi. Siku hizi kila shughuli ni katoni kwa katoni. Kwa maoni yangu chupa ndogo ya maji msikitini ni fahari tupu pale ambapo maji ya bomba yapo. Ndoo zenye koki, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na vikombe vinavyooshwa kwa sabuni na kuanikwa, vinatosha watu mia tatu. Angalizo: kikombe kimoja kisizunguke midomo ya watu wote, hiyo siyo Sunna ya kubana matumizi bali ni njia ya kuambukizana. Kama hamna wa kuosha vikombe, basi bora chupa, kisha chupa zote zirudi kwenye kiroba na apewe muokota makopo anayeziuza.

Zisichomwe. Hili nalirudia kwa kuwa ndiyo desturi yetu: jioni, nyuma ya madrasa, moto wa plastiki, na moshi unaingia darasani watoto wakisoma Juzuu Amma. Moshi wa plastiki una sumu, nyingine hukaa mwilini miaka mingi, na mwenye pumu humkaba usiku huo huo. Na msiziache zitapakae. Kopo, tairi bovu na kifuu cha nazi vikishika maji ya mvua huzaa mbu wa dengue, ugonjwa uliotikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na basi kutoka Dar hupita Same kila siku.

Katika shule za mabweni za wasichana fungu la pedi litakuwa zito, na viongozi wanaume wataona haya kulijadili. Walimu wa kike wapewe kazi hiyo kikamilifu. Pawe na pipa lenye kifuniko ndani ya kila choo na kichomea taka cha matofali chenye bomba refu, mbali na mabweni. Vyoo vinavyoziba kila muhula na kuitiwa fundi huwa vimeziba kwa sababu wasichana hawakuwekewa mahali pengine pa kutupa. Gharama ya fundi nayo iandikwe katika kauntabuku.

Rudieni kipimo baada ya miezi mitatu, wiki ya namna ile ile, mizani ile ile. Kwa mwaka huu anzeni Rajab, ili mnapoingia Ramadhani mjue tayari msikiti wenu hutupa nini siku za kawaida, maana futari itaongeza. Wasio na mizani waulize kwa wanunuzi wa tangawizi na mahindi sokoni. Kwa kawaida jioni mizani yao haina kazi.